Njia ya Saruji Kutoka Barabarani Hadi Ghalani



Mkulima wa karafuu hutaabika mara mbili. Taabu ya kwanza kila mtu aijua: kupalilia, kukwea, kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika. Taabu ya pili huja baada ya karafuu kukauka, nayo ni kuzitoa shambani hadi barabarani. Mvua za vuli huzikuta karafuu zimo ghalani, mlima umelowa, udongo umekuwa kama sabuni, na lori haliwezi kupanda. Basi magunia hubebwa kichwani, au hungojea. Na karafuu zilizokwisha kukauka zikikaa penye unyevu huvuta maji, hushika ukungu, na daraja yake hushuka. Jasho la msimu mzima lapotea katika hatua 200 za mwisho.

Kwa sababu hiyo wanachama wengi wameanza kujenga njia za zege za kupitia gari. Jambo hili ni jema. Lakini twaona baadhi ya njia hizo zapasuka kabla haujafika msimu wa pili, na nyingine, zilizojengwa kwa saruji ile ile, zadumu miaka. Iliyopasuka, watu husema imeliwa na bahari. Sisi twapenda kusema wazi kwamba mara nyingi bahari husingiziwa. Njia huharibika wiki ile ile iliyojengwa: kwa mchanga wa pwani, kwa maji ya kupita kiasi, na kwa kuachwa juani bila ya kumwagiliwa. Bahari huja baadaye ikamalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na sisi wenyewe.

MCHANGA NA KOKOTO

Mchanga wa ufukweni ni karibu na ni mweupe, ndiyo maana huwavutia watu. Lakini una chumvi na vipande vya makombe, na chembe zake nyingi zalingana ukubwa, hazishikani vizuri. Chumvi ile huvuta unyevu wa hewa, na penye nondo huleta kutu. Tena ufuko ukichotwa mchanga, bahari husogea juu, ikala minazi na mashamba ya jirani. Mchanga ufaao ni ule wa machimbo ya bara, uliochimbwa kwa kibali.

Ujaribu hivi. Tia mchanga katika chupa ya kioo mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache usiku kucha. Mchanga utakaa chini na udongo laini utakaa juu yake. Ukiona udongo umezidi nusu inchi juu ya mchanga wa inchi sita, uoshe au uukatae. Na kwa habari ya chumvi, ulimi watosha kuwa shahidi.

Kokoto ziwe ngumu na safi. Mawe ya matumbawe hayalingani: mengine ni magumu, mengine yana vishimo vingi na hunywa maji kama sponji. Jiwe linalovunjika kwa mkono lisiingie katika njia ya lori. Maji ya kuchanganyia yawe yale mtu anayoweza kuyanywa. Maji ya kisima cha pwani yenye ladha ya chumvi hayafai.

Saruji nayo huhitaji hadhari. Tangu mwaka 1966 saruji hutengenezwa Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, na nyingi tunayoitumia huvuka bahari kabla ya kutufikia. Hewa yetu ina unyevu, na mfuko huvuta unyevu huo kama gunia la karafuu livutavyo. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, wala usiinunue miezi mitatu kabla ya kazi. Yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole imekwisha kufa.

MSINGI NA KIPIMO

Si lazima kuitandaza saruji njia nzima. Zatosha kanda mbili, moja kwa kila upande wa magurudumu, na katikati paachwe majani. Tuchukue njia ya mita 20 itakayopitisha lori. Ikijengwa nzima, upana mita 3 na unene sentimita 15, itahitaji kiasi cha mifuko 67 ya kilo 50. Ikijengwa kanda mbili za sentimita 90 kila mmoja, na nafasi ya sentimita 90 katikati, itahitaji kiasi cha mifuko 40. Mifuko 27 inayobaki ni fedha ya wachumaji.

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Jaza kifusi, ukinyunyizie maji na kukishindilia tabaka kwa tabaka mpaka nyayo zisiache alama. Zege halina nguvu kuliko ardhi iliyo chini yake, na palipo na udongo wa mfinyanzi kifusi kiwe kinene zaidi. Usipitishe njia chini ya mikarafuu. Mizizi yake haipendi kukanyagwa na lori wala kutuamiwa na maji. Kwa hiyo maji ya njia yaelekezwe kwenye mfereji, si kwenye mashina, na kila ukanda uwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita ya upana.

Wengi hutuuliza habari ya nondo. Kwa kanda zilizolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, si lazima. Panapovuka mfereji zahitajiwa, na hapo zifunikwe kwa zege lisilopungua sentimita 5 kila upande. Nondo ikifikiwa na chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi huvimba ikalipasua zege kutoka ndani.

KUCHANGANYA

Fundi apimae kwa beleshi hapimi, akisia. Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na chini, upana sentimita 30, urefu 30 na kimo 39. Sanduku hilo lachukua kiasi sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kwa mfuko mmoja tia masanduku 2 ya mchanga na masanduku 3 ya kokoto.

Maji ndiyo yenye fitina. Mfuko mmoja wahitaji kiasi cha lita 25, yaani ndoo moja na robo, na ikiwa mchanga umelowa, pungufu ya hapo. Wafanyakazi hupenda zege la majimaji kwa kuwa ni jepesi kulisambaza. Lakini kila tone lililozidi litakauka baadaye na kuacha kitundu, na kwa kitundu hicho hewa ya chumvi huingia. Mwenye njia na asimame hapo mwenyewe, asione haya kumzuia mwenye ndoo.

Lowesha ardhi kwanza isije ikayanywa maji ya zege. Mwaga, shindilia kwa ubao mpaka mapovu yaishe, wala lisipite saa moja tangu kuchanganya. Kila baada ya mita 2 kata mfuo wenye kina cha robo ya unene, kwa kuwa zege hujikunja likikauka; likikosa mahali pa kupasukia litajichagulia lenyewe. Penye mteremko lipitishie ufagio mgumu kukingama njia, tairi zipate kushika.

SIKU SABA ZA MAJI

Hapa ndipo njia nyingi zinapopotea, na hapa hapagharimu fedha. Zege haligandi kwa kukauka. Hugumu kwa kunywa maji. Likikaushwa na jua na upepo siku ya kwanza, uso wake huwa unga maisha yake yote. Mara likishika, lifunike kwa magunia mabichi au makuti, ulimwagilie asubuhi, adhuhuri na jioni, siku 7 zisizopungua. Gunia lililokuwa na sukari lioshwe kwanza, maana sukari huizuia saruji kushika. Na la chumvi lisitumiwe kabisa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla saruji ya leo haijapewa hati Uingereza mwaka 1824. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, na chokaa hiyo hawakuijengea kesho yake. Waliilaza na maji muda mrefu. Magofu ya Ras Mkumbuu, Pemba, yako kando ya bahari kwa karne nyingi, na kuta zake bado zasimama. Haraka haraka haina baraka.

Gari ndogo isipite kabla ya siku 7, na lori lenye mzigo lisipite kabla ya siku 28. Kwa hivyo wakati mwema wa kujenga ni kipupwe, mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha na jua halijawa kali. Anayengoja mpaka magunia yajae ghalani atalipitisha lori juu ya zege la wiki moja, na atajenga tena.

KUITUNZA

Njia iliyojengwa vyema haidai mengi. Fagia majani, yasioze juu yake na kuleta utelezi. Zibua mfereji kabla ya masika na kabla ya vuli, maana maji yakipita chini ya ukanda huchukua kifusi na kuuacha ukining'inia. Palipo karibu na pwani, chumvi ioshwe kwa maji matamu mara kwa mara wakati wa kiangazi. Ufa mwembamba uzibwe mapema: upanue kidogo kwa patasi, usafishe, uloweshe, kisha utie saruji na mchanga laini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na neno moja la mwisho. Njia hii ni ya gari, si ya kuanikia. Zege la njia hudondokewa mafuta na kubeba vumbi la tairi, na karafuu huvuta harufu upesi. Mahali pake ni jamvini, uwanjani, mbali na gari.

Sanduku la kupimia tulilolitaja halihitaji ila mbao chache na misumari. Moja latosha kijiji kizima, likizunguka kwa jirani baada ya jirani. Twawaomba wanachama wa kila tawi watengeneze lao kabla ya Juni.

Katibu wa Chama