KUZAA NDANI YA MAJI AO KWENYE KITANDA?

Mama, pengine umesikia kwamba kule Ulaya wanawake wengine wanazaa ndani ya maji. Si uongo. Huko Pithiviers, Ufaransa, mganga Michel Odent aliweka birika la maji ya uvuguvugu katika materinite, na mwaka 1983 aliandika katika gazeti la waganga, The Lancet, habari ya watoto 100 waliozaliwa humo.

Maji yanasaidia nini? Yanabeba mwili, mama anageuka bila taabu, uchungu unapungua. Na mtoto, hazami? Mtoto mwenye afya anapata hewa kwa njia ya kitovu mpaka uso wake utoke majini. Lakini mzalishaji lazima amtoe mara moja, bila kuvuta kitovu.

Mwaka 2024 waganga wa Uingereza walitangaza uchunguzi juu ya wanawake zaidi ya 60,000 wenye mimba isiyo na hatari. Waliozaa ndani ya maji hawakupasuka vibaya kuliko wale waliotoka majini kabla ya kuzaa, wala watoto wao hawakupata shida zaidi. Kitovu tu ndicho kilikatika mara nyingi zaidi: karibu watoto 10 katika 1,000, kwa wengine 3.

«Basi, tununue beseni kubwa!» Baba, ngoja kwanza. Mimba isiyo na hatari maana yake mtoto ni mmoja, kichwa kiko chini, wiki 37 zimetimia, mama hana kovu la operesheni, hana homa, damu yake haikupanda. Tena maji yawe safi, yasipite digri 37,5, na mzalishaji asiondoke. Damu ikitoka nyingi ndani ya maji, nani ataipima? Damu ya namna hiyo inaua mama kwa saa chache. Kwenye kitanda mzalishaji anaiona, anachoma sindano, anakanda tumbo. Beseni ya nyumbani ni ya kufulia nguo.

Kama materinite yako haina birika, usisikitike. Kuzaa kwenye nchi kavu si lazima kulala chali. Uliza mzalishaji siku ya kupima mimba: unaweza kutembea, kuchuchumaa, kulala ubavu, kuoga maji ya uvuguvugu uchungu ukianza.

Na wewe baba, kama uko posti ya usiku, panga na jirani tangu leo nani atamsindikiza mama materinite.