Fahamu: Nzi anayefanana na buibui

Ukimkuta kwenye ufa wa kilima cha Ukasi, Kitui, utadhani ni buibui: miguu mirefu, manyoya ya rangi ya manjano iliyofifia, macho madogo. Hesabu miguu. Ni sita, buibui ana minane. Mabawa yapo, ila ni vipande vyembamba visivyoweza kumrusha. Huyu ni nzi, Mormotomyia hirsuta, spishi pekee katika familia yake. Mabuu wake hukulia kwenye kinyesi cha popo. Alielezwa kisayansi mwaka 1936, na baada ya 1948 hakupatikana tena hadi 2010.

Nzi huyo wa Ukasi ni nadra kuonekana, lakini mkulima wa maembe Makueni anamhofia nzi wa aina nyingine: nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya 2003. Mgongoni ana mistari miwili ya manjano. Tumboni, alama nyeusi ya T.