Risasi ya Mpanda na Umbo la Kiini Chake

Msafiri atokaye Tabora kwa gari moshi, akiisha kufika Kaliua, huiacha njia iendayo Kigoma na kushika tawi literemkalo kusini hata Mpanda, na aghalabu hajui ya kuwa reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko zama za Waingereza na kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa zamani. Walakini risasi yenyewe ingali inawashughulisha wanazuoni, kwani umbo la kiini cha atomu yake ni mas'ala yaliyodhaniwa yamekwisha, kumbe bado.

Zaidi ya nusu ya atomu za risasi duniani zina viini vyenye protoni 82 na nyutroni 126, nazo hizo ni idadi zinazojaza matabaka ya kiini pasipo kubaki nafasi. Ndiyo sababu iliyowafanya wataalamu wasadiki kuwa kiini hicho ni tufe kamili, ilhali kile cha urani kimerefuka.

Jicho halifai kwa kazi ya kulitambua umbo hilo, wala darubini, maana viini zaidi ya elfu kumi vikipangwa safu moja havitimizi upana wa atomu moja. Ernest Rutherford alitambua mwaka 1911 kuwa kiini kipo, kwa kutafakari jinsi chembe zilivyorudishwa na bamba jembamba la dhahabu. Siku hizi bamba la risasi hupigwa kwa viini vya elementi nyingine, vilivyotiwa kasi ipatayo sehemu moja ya kumi ya mwendo wa nuru. Vikipita karibu pasipo kugusana, kani ya umeme hukitikisa kiini cha risasi, nacho hupata nishati ya ziada na kuitoa papo hapo kwa miali ya gama. Na katika wingi wa miali hiyo na pande iendazo ndimo umbo linamosomwa.

Wataalamu walioongozwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walipima hivyo katika maabara ya Argonne, Marekani, na mwaka 2025 wakatangaza kwamba kiini hicho kimebonyea kidogo juu na chini, mithili ya chenza. Nadharia zilizokuwapo hazikutazamia hayo. Basi mwalimu wa fizikia wa Mpanda, achorapo kiini cha risasi ubaoni, tafadhali asikiache kuwa duara tupu.