Sura ya 4: Alama ya Mwisho Kupita

Kila Sekretarieti ya Ajira inapotoa matokeo ya usaili wa mchujo, simu yangu hujaa ujumbe. Aliyeitwa kwenye mahojiano anamshukuru Mungu. Aliyeachwa anasema nafasi zilikuwa na wenyewe. Wote wawili wamefungua faili, wametafuta namba yao, wakalifunga. Orodha nzima ya namba na alama, ambayo ndiyo ramani bora ya maandalizi tuliyo nayo, imesomwa mstari mmoja tu. Sura hii inahusu mistari iliyobaki: kwanza alama ya mwisho kupita, kisha msongamano wa alama, halafu idadi ya watu.

Wengi huamini kwamba ukivuka nusu umepita. Kuvuka nusu ni kufaulu karatasi, na kuitwa kwenye mahojiano ni habari nyingine. Nafasi zikiwa chache, jopo halina sababu ya kuwaona wote waliofaulu. Linachukua wa juu wanaotosha. Mpaka huwekwa na waliofanya mtihani siku ile, kama bei ya samaki kwenye mnada wa soko la Feri inavyowekwa na wanunuzi waliofika asubuhi hiyo. Ndiyo maana 58 inaweza kumvusha mtu katika kada moja, na 70 ikamwacha nje mwenzake wa kada nyingine wiki hiyohiyo. Sisemi upendeleo haujawahi kutokea nchini. Nasema kwamba anayelalamika bila kujua mstari ulikatwa wapi hana hata ushahidi wa kulalamikia.

Kosa la pili ni kumkodolea macho aliyeongoza. Alama 86 ya mtu wa kwanza haikuhusu. Shuka chini.

Chukua mfano niliotunga. Nafasi 5 za Afisa Hesabu II, wasailiwa 240, walioitwa kwenye mahojiano 20. Mtihani una maswali 50 ya kuchagua, kila swali alama 2. Wa ishirini ana 68. Sasa hesabu wenye 60 hadi 66: tuseme ni 46. Watu 46 wamekosa mahojiano kwa swali moja mpaka manne! Aliyepata 66 hapaswi kuanza kusoma upya tangu mwanzo wala kubadili kada kwa hasira. Anapaswa kutafuta yale maswali machache yaliyomponyoka. Aliyepata 44 yuko nyuma kwa maswali 12, na mtu hapotezi maswali 12 kwa bahati mbaya. Kuna mada nzima hajaigusa. Hawa wawili wakikaa kwenye kikundi kimoja cha kujisomea, kwa ratiba moja, mmoja wao anapoteza muda wake.

Orodha moja haitoshi, maana mtihani mwingine unaweza kuwa mwepesi au mgumu zaidi. Kusanya orodha kadhaa za kada yako, za ngazi hiyohiyo, uandike alama ya mwisho kupita ya kila moja. Ukikuta 68, 62 na 74, jiandae kwa 74 na ziada, wala usichukue wastani. Ukilenga wastani, mtihani wenye mpaka wa 74 utakuacha nje.

Yale maswali machache yanayomponyoka mtu yako wapi? Hapa ndipo upuuzi unapoingia. Kuna anayeuza mbuzi ili mganga amzindikie kalamu. Kuna anayetuma pesa kwa “mtu wa ndani” asiyemjua hata sura. Na kuna ugonjwa wa siku hizi, makundi ya Telegram yanayouza “maswali yanayotoka”. Ninaowahurumia zaidi ni wa kada ya ununuzi na ugavi. Mtu ananunua kabrasha la maswali ya zamani, anakariri Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 kifungu kwa kifungu, anajibu kila kitu kuhusu TANePS, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Sheria hiyo imefutwa. Iliyopo ni ya mwaka 2023, na mwaka huohuo NeST ilichukua nafasi ya TANePS. Amelipia majibu yatakayomkosesha. Maswali ya utumishi kwa jumla nayo yana mtego huohuo: makabrasha bado yanauliza OPRAS, mfumo wa kupima utendaji ulioanza 2004, wakati watumishi sasa wanapimwa kwa PEPMIS. Swali la zamani lina faida moja kubwa, kukuonyesha mada. Jibu lake litafute kwenye sheria inayotumika leo. Na kabla ya yote hayo, soma tangazo la kazi lenyewe, ile sehemu ya majukumu ambayo waombaji huiruka wakikimbilia ngazi ya mshahara. Jukumu likisema “kuandaa taarifa ya usuluhishi wa benki”, uketi na kalamu uiandae, kwa tarakimu, mpaka pande mbili zilingane.

Limebaki suala la idadi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakazidi 130,000. Watu walipiga hesabu, zaidi ya 80 kwa nafasi moja, na wengine wakakata tamaa hapohapo. Hesabu hiyo haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu dereva hashindani na afisa forodha. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hupanga majina kwa kada. Hesabu majina ya kada yako, ugawe kwa nafasi zake. Kisha, matokeo yakitoka, linganisha walioitwa na wenye alama. Wakiitwa 400 na matokeo yakawa na namba 290, basi 110 hawakufanya mtihani. Wapo waliopata kazi kwingine, na wapo waliokosa nauli ya kufika kwenye usaili. Nauli hiyo iweke kando siku unayotuma maombi, maana muda kati ya kuitwa na kufanya usaili huwa mfupi.