Muziki uliozaliwa ndani ya depo

Jumamosi usiku bafle la jirani likianza kunguruma, wengi wetu tunafunga dirisha na kuulizana: kelele hii imetoka wapi? Tukiwauliza watoto, wanajibu kwamba ni amapiano, muziki wa Afrika ya Kusini. Ni kweli. Lakini amapiano ina mama yake, na huyo mama anaitwa house, maana yake nyumba. Juma hili tunasimulia alivyozaliwa, kwa sababu ndani ya habari hiyo kuna jambo linalotugusa sisi wazazi: kijana asiye na mahali pa kwenda, na yule anayemfungulia mlango.

Sista na baluni zake

Tuanzie kwa mtoto mmoja. David Mancuso alizaliwa mwaka 1944 katika jimbo la New York, Marekani, na miaka yake ya kwanza alilelewa katika makao ya watoto. Huko kulikuwa na sista aitwaye Alicia. Sista huyo alikuwa akiwaandalia watoto sherehe ndogo: baluni, vinywaji na mashine ya kupiga diski. Mancuso hakuisahau ile furaha. Siku ya 14 Februari 1970, akiwa mtu mzima, alifungua nyumba yake mwenyewe mjini New York, akaalika marafiki waje kucheza. Hakuuza pombe. Alitoa matunda na vinywaji baridi, na baluni zilikuwepo. Weusi, weupe, Walatino, wenye kazi na wasio nayo, wote walicheza pamoja mpaka asubuhi. Watu wakapaita The Loft.

Afrika pia ilikuwemo. Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kameruni alitoa wimbo uitwao Soul Makossa. Mancuso aliupata kwenye duka la diski, akaupiga nyumbani kwake, na kutoka hapo ukaenea New York nzima. Kumbe ule muziki tunaouita wa kizungu ulikuwa umekunywa maji ya kisima chetu.

Depo la Chicago

Mwaka 1977 mpiga diski mmoja kijana wa New York, Frankie Knuckles, aliitwa kufanya kazi Chicago. Mahali alipopiga palikuwa jengo la viwanda, nalo likaitwa The Warehouse, yaani depo. Huko nako hakukuuzwa pombe. Walikunywa juisi na maji. Waliokuja wengi walikuwa vijana weusi na Walatino, na wengi kati yao walikuwa wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Jamii iliwasukuma pembeni, na baadhi yao hata nyumbani kwao hawakupokelewa. Knuckles aliwapigia sauti zilizojaa moto wa kanisa, na kinanda kama cha kwaya. Jina house lilikatwa kutoka katika jina la hilo depo.

Kwa nini tunasema walisukumwa? Siku ya 12 Julai 1979, katika uwanja wa michezo wa Chicago, mtangazaji mmoja wa redio alialika watu walete diski za disko ili zilipuliwe hadharani. Aliyeleta diski aliingia kwa senti 98 tu. Zililipuliwa kweli, watu wakavamia uwanja, mchezo wa pili ukavunjika. Siku hiyo kijana mweusi, Vince Lawrence, alikuwa akifanya kazi ya kuonyesha watu viti vyao. Baadaye alieleza kwamba diski nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa hata za disko. Zilikuwa tu za waimbaji weusi. Alielewa ujumbe.

Lawrence hakulipiza kwa jiwe. Mwaka 1984, yeye na Jesse Saunders walitoa On and On, moja ya diski za kwanza kabisa za house. Vijana hawa hawakuwa na pesa za kulipa orkestra. Walitumia mashine za ngoma zilizotengenezwa Japani, kama ile Roland TR-808 ya mwaka 1980. Wanamuziki wakubwa waliziona hazisikiki kama ngoma ya kweli, zikauzwa kwa bei ndogo kama vitu vya mitumba. Kilichodharauliwa kikawa mtaji wa maskini.

Ilipofika Uingereza

Januari 1987 wimbo wa Chicago, Jack Your Body wa Steve "Silk" Hurley, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka uliofuata vijana wa huko walianza kujaa kwa maelfu kwenye madepo matupu na mashamba, wakicheza usiku kucha. Sherehe hizo zikaitwa rave. Mwaka 1992 watu zaidi ya 20,000 walikusanyika Castlemorton kwa siku kadhaa. Serikali ikajibu kwa sheria ya mwaka 1994, iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku yenye muziki wa midundo inayojirudia.

Lakini polisi hawakuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa kidonge kiitwacho ekstasi. Kinapandisha joto la mwili na kumfanya mtu asisikie uchovu. Mwaka 1995 binti mmoja Mwingereza alikimeza kwenye sherehe yake ya miaka 18. Akiogopa joto, alikunywa maji mengi kupita kiasi kwa muda mfupi, ubongo ukavimba, akafa. Wamama, hakuwa shambani wala ndani ya depo. Alikuwa nyumbani kwao, wazazi wakiwepo.

Sisi tufanye nini?

Tunaona kwamba kufunga mlango peke yake hakutoshi. Muziki wenyewe haukumuua yule binti. Kidonge ndicho kilimponza. Basi tuwaambie watoto wetu wazi: usimeze kidonge usichokijua, hata kama anayekupa ni rafiki. Na tuwaahidi kwamba wakipata shida watatuita bila kuogopa fimbo. Kijana akianguka, akiwa na joto kali au akichanganyikiwa, mlazeni ubavu, mpelekeni hospitali mara moja, na mwambieni daktari ukweli wa alichomeza. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko msiba.

Frankie Knuckles alifariki mwaka 2014. Kabla ya hapo, Chicago ilikuwa imekwisha kuipa jina lake la heshima sehemu ya barabara lilipo lile depo, na mwaka 2023 jengo lenyewe likawekwa kati ya yale yanayolindwa na mji. Mji ule ule uliolipua diski leo unajivunia.

Katika mkutano wa juma hili, tunaomba kila kikundi kijibu swali moja: katika mtaa wetu, ni wapi kijana anaweza kucheza bila pombe, bila vidonge, na mtu mzima akiwa karibu? Kama hapapo, ni nyumba ya nani itakayofunguliwa kwanza? Sista Alicia alianza na baluni na mashine moja ya diski.