Kuandika Kidogo Kila Siku

Wasikilizaji wa Bariadi na nchi yote ya Simiyu, wengi hudhani kwamba mtu hawezi kutunga hadithi mpaka apate jambo kubwa la kusimulia. Sisi twaona sivyo. Mtazameni jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Hadithi yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, ni ndefu mno, nayo yasimulia mume na mke waliochelewa kupata mtoto, pamoja na kilimo, uvuvi, pombe na wageni wao. Alitaka desturi za wazee zisipotee. Ilichapwa mwaka 1980 kwa Kiswahili, naye akafariki mwaka 1981. Kazi kama ile haiandikwi kwa siku moja.

Basi chagua saa isiyobadilika, labda ng'ombe wakisha kuingia zizini, uandike mistari mitano katika daftari. Usiandike, "Leo tumeuza pamba". Hayo hata karani anayo. Andika nani alisimama karibu na mizani, na uso wake ulikuwaje uzito ulipotajwa. Neno la Kiswahili likikupotea, weka la Kisukuma uendelee, utalitafuta kesho. Ukikosa siku moja, usiandike kumi kulipa deni; mitano yatosha. Na siku usiyo na la kusema, nenda kwa bibi, umwulize ng'ombe wa mahari yake walikuwa wa rangi gani, ukayaandike majibu kama alivyoyatamka.