Ukata sokoni: daftari na risiti ndiyo ngao ya mwenye duka dogo

Wengi huona kodi ni mwiba na risiti ni usumbufu. Lakini hesabu zinaonyesha kuwa biashara inapokuwa ngumu, anayeumia zaidi ni yule asiye na kumbukumbu.

HALI ya soko ikiwa mbaya, mfanyabiashara mdogo hupunguza matumizi kwa mpangilio unaofahamika. Kwanza hupunguza oda, kisha huachisha kijana wa dukani, kisha husogeza kodi ya pango hadi mwenye nyumba apige hodi. Kinachofuata mara nyingi ni kodi ya serikali. Mauzo hayaandikwi, risiti haitolewi, na mteja huulizwa kwa sauti ya chini: "Unataka na risiti au bila risiti?"

Miaka ya karibuni imewapa wafanyabiashara wa Tanzania sababu nyingi za kulalamika. Ugonjwa wa Corona mwaka 2020 ulikata safari za kufuata mali nje. Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Mwaka 2022 mafuta na mbolea vilipanda bei. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa kiasi cha Sh 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilifika karibu Sh 2,700 katika nusu ya pili ya 2024, na kwa muda haikupatikana kirahisi hata kwa bei hiyo. Mwenye kuagiza vitenge, vipuri au vyombo vya plastiki alijikuta mtaji ule ule unaleta mzigo mdogo zaidi.

Ndiyo maana Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kamata-kamata ya maofisa wa kodi na agizo la kusajili stoo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hii mgomo ulienea hadi mikoa mingine. Mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutathmini mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Malalamiko yale yalikuwa na uzito. Lakini kudai kodi ya haki ni jambo moja, na kuficha mauzo ni jambo jingine. La kwanza linaweza kumnufaisha mfanyabiashara. La pili, ukilipigia hesabu, mara nyingi linamla yeye mwenyewe.

Daftari la Sh 3,000

Mwenye duka dogo asiye kampuni, na ambaye mauzo yake hayazidi Sh milioni 100 kwa mwaka, amewekewa na sheria njia ya mkato: hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo yake, bila kudaiwa hesabu za mkaguzi. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2019 na kurekebishwa mwaka 2022, mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka halipi kitu. Juu ya hapo, hadi Sh milioni 11, kuna malipo ya namna mbili: moja ya mwenye kumbukumbu za mauzo na nyingine ya asiye nazo.

Chukua mfano wa muuza genge ambaye mauzo yake ni wastani wa Sh 800,000 kwa mwezi, yaani Sh 9,600,000 kwa mwaka. Akiwa hana daftari, hulipa Sh 250,000. Akiwa nalo, hulipa Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi Sh milioni 7. Kinachozidi ni Sh 2,600,000, na asilimia 3 yake ni Sh 78,000. Jumla ni Sh 168,000. Daftari la Sh 3,000 limemwokolea Sh 82,000.

Mwenye mauzo ya Sh milioni 6 hulipa Sh 100,000 akiwa hana kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya Sh milioni 2 zilizozidi milioni 4, ambayo ni Sh 60,000. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika kodi, mali bila daftari hulipiwa zaidi.

Faida nyembamba, kodi nene

Wanaouza zaidi ya Sh milioni 11 wana tatizo la aina nyingine. Kwa marekebisho ya 2022, wao hadi Sh milioni 100 waliwekewa asilimia 3.5 ya mauzo yote. Kiwango hicho hakiangalii faida, kinaangalia mauzo. Muuza urembo anayeweka theluthi ya bei kama faida anaweza kukibeba. Muuza sukari, unga na mafuta ya kula hawezi kukibeba kirahisi hivyo.

Tuseme mauzo ni Sh milioni 30 kwa mwaka na faida, baada ya gharama zote, ni asilimia 5, yaani Sh 1,500,000. Asilimia 3.5 ya mauzo ni Sh 1,050,000. Mwenye duka anabaki na Sh 450,000 kwa jasho la mwaka mzima. Hapo ndipo wengi hushawishika kusema wameuza nusu ya walichouza.

Wengi hawajui kuwa sheria imewaachia mlango. Mfanyabiashara binafsi anaweza kuchagua kutotumia njia hiyo ya mauzo, akaandaa hesabu kamili na kutozwa kwa faida halisi. Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyowekwa mwaka 2020, mapato yasiyozidi Sh 3,240,000 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Yule mwenye faida ya Sh 1,500,000 angekuwa chini ya kiwango hicho. Ni kweli kwamba hesabu kamili zinahitaji mhasibu, na mhasibu ana bei yake, nayo lazima iwekwe kwenye mizani kabla ya kuamua. Lakini uamuzi huo ni wa halali, na haumwachi mtu akikaa na roho mkononi kila gari la ofisa linaposimama nje.

Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza kutumika Julai Mosi, na viwango huweza kubadilika. Anayefanya biashara kwa viwango alivyovisikia mwaka juzi anajitafutia hasara. Mwezi Julai ni wa kupita ofisi ya kodi ya wilaya na kuuliza upya.

Nafuu inayokula faida

Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20 ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Mwaka 2009 ilishushwa hadi asilimia 18. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kimepandishwa mara kadhaa, na mwaka 2023 kilifikishwa Sh milioni 200 kwa mwaka. Wadogo wengi hawamo, lakini wananunua kwa walio ndani yake, na wapo wanaokua hadi kuingia.

Kosa kubwa la wanaoingia ni kudhani kuwa VAT ni fedha yao. Bidhaa ikiuzwa Sh 118,000, fungu la Sh 18,000 ni la serikali, na mwenye duka amelishika tu hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayelinunulia mzigo mpya amekopa bila kibali, tena mkopo wenye riba na faini.

Kosa la pili ni kununua bila risiti. Mfanyabiashara aliyesajiliwa ananunua mzigo wa Sh 1,000,000 kwa jumla na kuongeza VAT ya Sh 180,000. Anauza kwa Sh 1,200,000 na kuchukua VAT ya Sh 216,000. Anatoa ile aliyolipa, anapeleka serikalini Sh 36,000, na faida yake ni Sh 200,000.

Siku nyingine muuzaji wa jumla anamwambia: "Chukua bila risiti, nikufanyie 1,080,000." Anaona ameokoa Sh 100,000. Akiuza kwa bei ile ile kwa risiti, hana cha kutoa kwenye VAT, kwa hiyo anapeleka Sh 216,000 zote. Faida yake inashuka hadi Sh 120,000. Nafuu ya laki moja imemla Sh 80,000, na bado gharama ya mzigo ule itakuwa vigumu kuithibitisha kwenye kodi ya mapato.

Ili kufidia, naye anaanza kuuza bila risiti. Muuzaji wa jumla amemrushia mzigo wake wa kodi, naye anaurusha kwa mteja. Jirani anayetoa risiti anaonekana ghali, wateja wanamkimbia, na mtaa mzima unashindana kwa kuficha badala ya kushindana kwa bei na huduma. Mashine za EFD zilizoletwa mwaka 2010 zilizua mabishano makali, hasa zilipopelekwa kwa wasiosajiliwa VAT mwaka 2013, lakini risiti yake inamlinda mnunuzi kwanza.

Gunia na mizani

Uaminifu wa biashara hauishii kwenye kodi. Katika masoko ya viazi, vitunguu na mahindi, lumbesa bado ni ugonjwa. Mkulima anauza kwa gunia, mnunuzi anashonea kilemba juu ya gunia, na mzigo unaozidi kilo 100 unahesabiwa kama gunia moja. Ukifika mjini, mzigo huo huo unauzwa kwa kilo. Kilichozidi ni mali ya mkulima iliyochukuliwa bila malipo. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo una madaraka ya kukamata.

Dukani, mizani isiyohakikiwa na kupigwa mhuri kila mwaka inaweza kumpunja mteja gramu chache. Mteja wa mtaani hununua kila siku. Akipima sukari kwa jirani na kukuta imepungua, harudi, wala hasemi. Anayepunja hupoteza wateja polepole, kisha hulaumu hali ya uchumi.

Fedha zisipokuwepo

Kuna wakati daftari lipo, risiti zipo, lakini fedha ya kulipia kodi haipo. Kujificha wakati huo ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Kwanza, ritani iwasilishwe kwa wakati hata kama hakuna cha kulipa. Kutolipa na kutowasilisha ni makosa mawili yenye adhabu zake. Kwa anayehesabu mwaka wa Januari hadi Desemba, kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayetenga kidogo kila wiki hashituki.

Pili, sheria inamruhusu mlipakodi kuomba muda zaidi au kulipa kwa awamu. Ombi liwe la maandishi, lipelekwe kabla tarehe haijapita, na liambatane na mpango wa malipo unaotekelezeka.

Tatu, makadirio yakiwa makubwa mno, kuna haki ya kupinga kwa maandishi ndani ya siku 30. Kwa kawaida mpingaji hulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishania, kile kilicho kikubwa, ingawa Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe amana hiyo. Asiporidhika na uamuzi, Bodi ya Rufani za Kodi ipo, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Huko kote kitakachoulizwa ni kumbukumbu, ambazo sheria inataka zitunzwe kwa miaka mitano.

Nne, kodi hailipwi mkononi. Hulipwa benki au kwa simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ofisa anayeomba "tuyamalize hapa hapa" haondoi deni. Deni litabaki kwenye vitabu, naye mwakani atarudi akijua mlango uko wazi.

Benki na vyama vya kukopeshana navyo huangalia mauzo. Aliyeandika nusu ya mauzo yake ili kukwepa kodi atakopeshwa kwa nusu hiyo hiyo, wakati ukata umemfika shingoni na mtaji unahitajika kuliko siku zote.